Donohue, dereva aliyeifuga turbo
Mark Donohue alikuwa dereva mwenye digrii ya uhandisi. Mwaka 1972 alitwaa Indianapolis 500, huku akiisaidia Porsche kutafutia dawa turbo zake. Shida ni ile ile ya magari ya mtaani: turbo kubwa inachelewa kuamka, unakanyaga mafuta kimya, halafu nguvu inakuja yote kwa mpigo katikati ya kona. Ndogo inawahi, ila pumzi inakata mapema. Mmarekani huyo alikomaa na mafundi hadi injini ikatii. Mwaka 1973, akiwa na 917/30 ya nguvu za farasi zaidi ya 1,000, akabeba ubingwa wa Can-Am, akishinda mbio 6 kati ya 8. Agosti 1975 tairi lilimpasukia mazoezini Austria. Alitoka akiongea, kichwa kikaanza kuuma, siku 2 baadaye akafariki. Alikuwa na miaka 38.