Wasifu wa Grace Hopper, Mwalimu Aliyeziwezesha Programu Kuitana

Mtahiniwa, ukiulizwa Grace Hopper ni nani, usiandike kwamba aligundua kompyuta. Wala usiandike kwamba lugha ya COBOL aliitunga peke yake. Majibu hayo nimeyasahihisha mara nyingi na hayana alama. Soma kwa makini zaidi miaka ya 1949 hadi 1952, maana kazi yake kubwa iko hapo.

Grace Brewster Murray alizaliwa New York, Marekani, tarehe 9 Desemba 1906. Akiwa na miaka saba alifungua saa ya kengele ili aone inavyofanya kazi. Iliposhindikana kuirudishia, akafungua nyingine, na nyingine, hadi mama yake akakuta saa saba zimefumuliwa. Tangu hapo akaachiwa moja tu ya kuchezea. Alisoma hisabati na fizikia katika Chuo cha Vassar, akahitimu mwaka 1928, na mwaka 1934 akapata shahada ya uzamivu ya hisabati kutoka Yale, huku akifundisha Vassar. Jina Hopper alilipata kwa mumewe, Vincent. Walioana mwaka 1930 na kuachana mwaka 1945.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilimkuta darasani. Alipoomba kujiunga na jeshi la wanamaji alikataliwa: umri umezidi, uzito umepungua. Hakuacha kuomba. Desemba 1943 akapokelewa, na mwaka 1944 akapelekwa Harvard kwenye Mark I, mashine yenye urefu wa mita 15 hivi iliyosoma maagizo kutoka kwenye mkanda wa karatasi uliotobolewa. Ile hadithi ya nondo aliyenaswa ndani ya Mark II mwaka 1947 ni ya kweli, lakini Hopper aliisimulia tu. Si yeye aliyemkuta, na mafundi walikuwa wakiita hitilafu mdudu tangu zamani.

Mwaka 1949 muda wake Harvard uliisha bila kupewa nafasi ya kudumu. Akahamia kampuni ya Eckert na Mauchly, Philadelphia, iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya UNIVAC. Huko alikuta jambo linalomkera. Waandishi wa programu walikuwa na daftari za programu ndogo zilizokwisha kujaribiwa, kwa mfano ya kutafuta kipeuo cha pili. Aliyeihitaji aliinakili kwa mkono. Sasa angalia tatizo. Programu ndogo imeandikwa kuanzia mstari wa 0, na ndani yake kuna agizo la kurukia mstari wa 12. Ukiihamishia kwenye programu yako ianzie mstari wa 250, agizo hilo lazima lisomeke 262. Ukijumlisha vibaya ukaandika 252, mashine inarukia pasipohusika na kazi yote inaharibika. Wewe unayenakili 6 badala ya 0 kutoka ubaoni unajua jinsi inavyotokea.

Hopper akaona kunakili na kujumlisha ni kazi ya mashine. Akaziweka programu ndogo kwenye mkanda wa sumaku, kila moja na namba yake ya kuitia. Mwandishi alitaja namba tu. Mashine ikaitafuta, ikarekebisha mistari, ikaunganisha. Kazi hiyo, A-0, aliianza mwaka 1951 na kuieleza mbele ya wataalamu mwaka 1952. Yeye aliiita kompaila, ingawa leo tungesema ilikuwa zaidi ya kuunganisha kuliko kutafsiri. Wengi hawakuamini. Kwao kompyuta ilikuwa chombo cha kufanya hesabu, si cha kuandika programu.

Katikati ya miaka ya 1950 timu yake ilitengeneza FLOW-MATIC, lugha iliyotumia maneno ya Kiingereza ya kawaida. Wakaonyesha kwamba maneno hayo yanaweza kubadilishwa yakawa ya Kifaransa au Kijerumani, na mashine ikafanya kazi ileile. Wakubwa wa kampuni walishtuka: kompyuta ya Marekani inajuaje Kijerumani? Ikabidi waahidiwe Kiingereza peke yake. Hapo wakubwa hawakuelewa jambo dogo tu, kwamba mwishoni lugha zote hugeuzwa kuwa namba za mashine. Ndiyo maana programu ya lugha moja inaweza kuita programu ndogo ya lugha nyingine.

Ila kuitana kunahitaji makubaliano. Chukulia mama yako aliye Handeni, anayezungumza Kizigua, anampa kondakta wa basi kitambaa akipeleke kwa fundi cherehani Korogwe, anayezungumza Kisambaa. Lugha haiwazuii. Wanachopaswa kukubaliana ni kitambaa kinaachwa wapi, vipimo ni vya aina gani na gauni linarudi kituo gani. Mama akiandika 40 akimaanisha inchi, fundi akasoma sentimita, gauni halitamwingia. Programu nazo huharibikiwa hivyohivyo.

Mwaka 1959 kamati ilikutana kutunga COBOL. Hopper alikuwa mshauri, na FLOW-MATIC ikawa msingi mkubwa wa lugha hiyo. Toleo la mwaka 1960 lilikuwa na agizo ENTER, lililomruhusu mwandishi kuingiza sehemu iliyoandikwa kwa lugha nyingine. Kwa kulinganisha miaka, kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965.

Jeshi lilimstaafisha mwaka 1966, likamwita tena mwaka 1967, na hatimaye akaondoka mwaka 1986 akiwa na cheo cha admirali wa nyuma (rear admiral) na umri wa miaka 79. Katika mihadhara aligawa vipande vya waya vya sentimita 30 hivi: umbali ambao umeme hauwezi kuuvuka ndani ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa katika makaburi ya taifa ya Arlington, Virginia.