Dartmouth: waziri mcha Mungu na barua yake

Wengi wetu tunamjua John Newton, nahodha wa merikebu za watumwa aliyetubu na kuwa mchungaji. Wachache tunamjua aliyemfungulia mlango: William Legge, Bwana wa Dartmouth, aliyezaliwa mwaka 1731. Newton alikuwa ameomba uchungaji kwa miaka kadhaa bila kupokelewa. Mwaka 1764 Dartmouth alimsemea, naye akawekewa mikono na kupewa kanisa la Olney.

Mwezi wa Agosti 1772 Dartmouth aliwekwa kuwa waziri wa makoloni ya Uingereza. Waziri mkuu, Lord North, alikuwa ndugu yake wa kambo. Dartmouth alitamani mapatano na watu wa Amerika. Lakini baraza la mawaziri lilichagua nguvu, na kalamu ilikuwa mkononi mwake. Barua yake ya tarehe 27 Januari 1775 ilimwagiza Jenerali Gage, kule Boston, atumie askari na kukamata viongozi. Ilifika katikati ya Aprili. Tarehe 19 damu ikamwagika Lexington na Concord, na vita vikadumu hadi 1783.

Novemba 1775 aliacha wizara hiyo, akapewa kutunza muhuri wa mfalme. Alifariki mwaka 1801.

Hatumhukumu. Lakini sisi, mkristo wetu akipewa kiti serikalini, tunafanya ibada ya shukrani, kisha tunamwacha peke yake. Newton aliendelea kumwandikia Dartmouth barua za kichungaji hata alipokuwa waziri. Nasi tuwaombee na kuwashauri walio wetu, kabla hawajatia sahihi.