Garibaldi na Umoja wa Italia

Giuseppe Garibaldi alizaliwa mwaka wa 1807 katika mji wa Nice, naye akawa baharia kama baba yake. Siku zile Italia haikuwa nchi moja. Ilikuwa madola mengi, kila moja na mtawala wake. Mwaka wa 1834 Garibaldi aliingia katika uasi wa kutaka kuyaunganisha. Uasi ulishindwa, naye akahukumiwa kufa. Akakimbilia Amerika ya Kusini, na huko ndiko alikojifunza vita.

Mwezi wa Mei, 1860, aliondoka karibu na Genoa kwa meli mbili, pamoja na watu wapatao elfu moja waliojitolea, wenye bunduki kuukuu. Walishuka Marsala katika kisiwa cha Sicily, wakateka Palermo, kisha wakavuka bahari. Tarehe 7 Septemba aliingia Naples.

Hapo ndipo alipojaribiwa. Yeye alipenda jamhuri, wala si ufalme; na mwaka uo huo serikali ya Mfalme Vittorio Emanuele ilikuwa imewapa Wafaransa mji wake wa Nice. Wako waliotaka asimkabidhi mfalme nchi ile. Lakini Garibaldi aliona kwamba ugomvi wa wao kwa wao ungevunja umoja. Mwezi wa Oktoba, baada ya wananchi kupiga kura, alimkabidhi mfalme nchi zote alizoteka, akaenda zake kulima katika kisiwa cha Caprera. Mwaka wa 1861 Ufalme wa Italia ulitangazwa.

Alifariki mwaka wa 1882. Basi sisi wanafunzi tukumbuke kwamba Italia haikuunganishwa kwa bunduki tu, bali pia na mshindi aliyekubali kushuka.