SHEIKH AL-AMIN BIN ALI MAZRUI: KADHI ALIYEANZA NA WATU WAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Alhamdulillah, tumeufikia tena mwezi mtukufu. Tunafunga, tunasali tarawehe, tunasoma Qur'ani. Lakini hebu tuulizane jambo moja. Likiingia kumi la mwisho, ni wangapi kati yetu huku Kisauni, Likoni na Changamwe huanza kukopa? Hatukopi kwa sababu ya njaa. Twakopa kwa nguo za Idd, mapazia mapya na harusi za Mfunguo Mosi. Ukimuuliza mtu ni nani aliyemlazimisha, hana jina la kukutajia. Atakwambia tu kuwa watu watasema.

Jambo hili halikuanza leo. Karibu miaka mia iliyopita, mwanachuoni mmoja wa hapa hapa Mombasa alilikabili kwa kalamu. Huyo ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mola amrehemu.

Sheikh alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Ukoo wake si mgeni kwako, kwani Mazrui ndio walioutawala mji huu mpaka mwaka 1837, walipoondolewa na Seyyid Said. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa, lakini alifariki mwaka 1894 na kumwacha mtoto angali mdogo sana. Yatima huyu akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuwa kadhi. Baadaye akavuka kwenda Unguja kusoma kwa mabahari wawili wa elimu wa zama hizo, Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir.

Sasa fikiri, kijana mwenzangu. Mtu mwenye nasaba kama ile na walimu kama wale, angeweza kukaa barazani maisha yake yote, akaamkiwa, akabusiwa mkono, na asimuudhi mtu. Mila ya mji ilimruhusu. Mkubwa wa nasaba alitangulizwa katika kila shughuli na hakuna aliyemuuliza amefanya nini. Yeye heshima ile hakuitaka kwa ajili ya nafsi yake. Aliifanya ni amana, akaitumia kusema yale ambayo mtu asiye na jina angeyasema angezomewa.

Na mji wenyewe ulikuwa ukigeuka mbele ya macho yake. Ujenzi wa reli ya kwenda bara ulianza mwaka 1896. Katika miaka ya 1920 Kilindini ikapata magati ya meli kubwa. Mwaka 1931 likafunguliwa daraja la kuelea la Nyali, watu wa Kisauni wakaanza kuvuka kwa miguu yao. Kazi mpya zikaja, na pamoja nazo sinema, vilevi na mavazi ya Kizungu. Serikali ya Mwingereza nayo iliwagawa watu kwa makabila, huyu haki zake hizi, yule zake zile. Basi Waislamu wa mji mmoja, wanaosali safu moja, wakaingia katika mizozo ya nani ahesabiwe Mwarabu na nani asihesabiwe.

Katika hali hiyo, mwaka 1930 Sheikh alianzisha gazeti dogo aliloliita Sahifa, yaani ukurasa. Mwaka 1932 likafuata Al-Islah, maana yake matengenezo. Alikuwa akilisoma gazeti la Al-Manar la Sheikh Rashid Rida kutoka Misri, akaona kuwa kalamu yaweza kufika pale ambapo sauti ya msikitini haifiki. Ukitoa tungo za mashairi, wanavyuoni wengi wa wakati ule waliandika kwa Kiarabu. Yeye aliandika Kiswahili, lugha anayoielewa mama jikoni na hamali bandarini. Hilo peke yake ni somo: ukitaka kuwatengeneza watu, sema nao kwa lugha yao.

Aliandika nini? Alikataa mambo mawili ambayo watu hudhani ni mbali mbali. La kwanza ni kushikilia ada za wazee hata zikitudhuru: harusi za kumaliza mali, na matanga ya kuwafilisi mayatima. Hapa, ndugu msomaji, tukumbuke sunna. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muuta, Mtume s.a.w. aliamrisha ahli zake wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikwa na msiba. Sisi tumegeuza. Mwenye kufiwa ndiye anunue mchele na mbuzi awalishe waliokuja kumpa pole, na asipofanya huambiwa hakumtendea wema marehemu wake. Ada imevaa kanzu ya dini, na mtu anaogopa kuivua.

La pili ni kuiga wageni bila ya kuchagua. Sheikh hakusema kila cha Mzungu ni haramu. Alitaka Waislamu wachukue elimu, bidii ya kazi na mapenzi ya nchi yao. Kilichomsikitisha ni kuona vijana wanachukua kofia, sinema na chupa, na elimu wanaiacha pale pale. Alihimiza wasichana nao wasomeshwe, katika mipaka ya dini, wakati ambapo wazazi wengi waliona mtoto wa kike hana haja ya kusoma.

Ukitazama vizuri, maradhi haya mawili ni maradhi mamoja. Anayekopa kwa ajili ya matanga na anayevaa ili afanane na wa kwenye sinema, wote wawili wanaishi kwa macho ya watu. Mmoja anaogopa wazee wa mtaa, wa pili anaogopa vijana wenzake.

Si kila mtu alifurahi, na ada ni nzito kuziondoa. Lakini angalia namna yake. Hakuanza kwa kuwatukana wa mbali. Alianza na watu wake mwenyewe, Waislamu wa pwani, na wenye majina makubwa wakiwemo. Nasaha ya mtu wa nyumbani ina uchungu, lakini huwezi kuikataa kwa kusema huyu hatujui.

Mwaka 1932 aliteuliwa kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Sasa yaliyokuwa maneno ya gazeti yakawa mbele yake yana sura za watu: ndoa, talaka, mirathi. Kwa kadhi, fungu la mtoto wa kike katika mirathi limekwisha kuwekwa na Mwenyezi Mungu, na ada ya kumsukuma pembeni kwa kuwa ni mwanamke haina nafasi. Mwaka 1944 makala zake zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Alianza pia kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili, lakini mauti yalimkuta mwaka 1947 kazi hiyo haijakamilika.

Je, alishinda? Magazeti yake hayakudumu, na harusi za gharama twaziona mpaka leo. Lakini mbegu haikuoza. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, alikuja kuwa Kadhi Mkuu baada ya uhuru. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyefuata mkondo wake na akashika cheo hicho hicho, alitoa mwaka 1969 tafsiri ya Qur'ani nzima kwa Kiswahili, ambayo huenda iko kabatini kwenu hivi sasa. Na mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa na umri wa miaka 14 tu alipofiwa na baba, lakini kalamu ile aliirithi, akaifikisha ulimwengu mzima.

Basi wewe kijana wa Mtongwe, wa Bamburi au wa Port Reitz, usingoje uwe kadhi. Likija jambo la watu, iwe ni kikao cha harusi ya dada yako, kamati ya msikiti au kura, jiulize maswali mawili. Hili ni dini au ni ada? Na kama ni ada, yanufaisha au yadhuru? Nzuri ishike, kwani Uislamu haukuja kuvunja kila ada. Mbaya iache, na uanze nyumbani kwenu, kwa adabu, bila ya kumfedhehesha mzazi. Idd hii, kaa na baba na mama kabla ya kumi la mwisho, mkate shauri mtanunua nini kwa pesa mlizonazo. Watu watasema, ndiyo. Watasema wiki moja, halafu watanyamaza. Deni halinyamazi.

Ewe Mola, mrehemu Sheikh wetu, ulinawirishe kaburi lake, na utujaalie tukuogope Wewe kuliko tunavyoogopa maneno ya waja. Amin.

Wabillahi tawfiq.