Hans Wilsdorf, mtu aliyetaka saa ijulikane imetoka kwa nani

Wavuvi wa Vitshumbi, kwenye Ziwa Edward, wanajua kwamba saa ya mkono na maji havipatani. Hans Wilsdorf alipigana na tatizo hilo maisha yake yote. Alizaliwa Kulmbach, Ujerumani, mwaka 1881, akabaki yatima akiwa na miaka 12. Mwaka 1905 alianza biashara London pamoja na Alfred Davis.

Mashine za saa zao zilitoka kwa Aegler, Uswisi, lakini usoni wenye maduka waliandika majina yao wenyewe. Ndiyo sababu saa ya zamani isiyojulikana hufunguliwa mgongo kwanza: za Wilsdorf zilipigwa ndani alama W&D.

Mwaka 1908 alisajili jina Rolex, akalipeleka usoni polepole. Mwaka 1926 alitoa Oyster, isiyoingia maji. Mwaka uliofuata Mwingereza Mercedes Gleitze aliifunga shingoni akiogelea kati ya Ufaransa na Uingereza, zaidi ya masaa kumi. Baridi ilimshinda yeye, si saa. Submariner, ya wapiga mbizi, ilifuata mwaka 1953.

Wilsdorf alifariki Geneva mwaka 1960. Hakuwa na mtoto. Kampuni aliiachia wakfu wenye jina lake.