Barua ambayo Lincoln hakuituma

Huenda jana ulirudi kutoka kazini umejaa hasira za mchana kutwa, mtoto akamwaga chai kidogo, ukamfokea kuliko kosa lenyewe. Halafu usiku ukajilaumu. Wiki hii nakuletea habari za baba mmoja aliyekuwa na kazi nzito kuliko yangu na yako, uone alikuwa akiutulia wapi mzigo wake.

Abraham Lincoln alizaliwa 12 Februari 1809, katika nyumba ya magogo huko Kentucky, Marekani. Alipokuwa na miaka tisa mama yake alifariki. Alikua mtu wa huzuni. Mwanzoni mwa 1841, akiwa wakili na mjumbe wa bunge la jimbo la Illinois, alizidiwa hadi rafiki yake Joshua Speed akamwondolea wembe na visu. Baadaye mwaka huo alikwenda Kentucky kukaa na familia ya Speed, akapata nafuu. Naomba usipite hapo haraka: kuna mtu aliyemwona na hakumwacha peke yake. Ikiwa usingizi umekukimbia kwa wiki mbili, au wazo la kujidhuru linakujia, mwambie mtu leo hii na uende kituo cha afya.

Alijaribu dawa pia, vidonge vya siku hizo vilivyotengenezwa kwa zebaki, ambayo ni sumu. Akaviacha baada ya kuwa rais kwa sababu vilimfanya awe mkali. (Wanaojinunulia dawa za usingizi bila kuonana na daktari, mnanisikia?)

Alianza urais Machi 1861. Mwezi uliofuata vikaanza vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoua zaidi ya watu 600,000. Mara nyingi alikwenda kwa miguu hadi ofisi ya simu za maandishi ya wizara ya vita, kusubiri habari za waliokufa. Februari 1862 mwanawe Willie, mwenye miaka 11, alifariki kwa homa inayodhaniwa kuwa ya matumbo. Vita havikusubiri matanga yaishe.

Kuanzia mwaka huo, familia ilihamia majira ya joto kwenye nyumba iliyo kilimani, kama kilomita tano kutoka Ikulu. Asubuhi alikwenda kazini, jioni akarudi. Kazi hakuiacha, alilala mbali nayo tu, ingawa wenye shida walimfuata hata huko. Na alipenda mzaha. Septemba 1862, alipowaita mawaziri kuwasomea tangazo la kuwaachia huru watumwa, alianza kwa kuwasomea kichekesho kitabuni. Wengine walinuna.

Lakini mimi hupenda zaidi habari ya barua. Julai 1863, baada ya ushindi wa Gettysburg, Jenerali Meade alichelewa kulifuata jeshi la adui, likavuka mto na kuponyoka. Lincoln aliumia sana. Akakaa akaandika barua ndefu, akamweleza jenerali uchungu wake wote, jinsi vita vingeweza kumalizika na sasa vitaendelea. Kisha akaitia kwenye bahasha, akaandika juu yake kwamba haikutumwa wala kutiwa saini, akaiweka. Meade aliendelea kuongoza jeshi lake hadi mwisho wa vita.

Wewe unaweza kufanya hivyo usiku huu, kabla ya kuzungumza na bosi au na watoto. Andika kwenye karatasi, si kwenye simu, maana kidole huteleza.

Alasiri ya 14 Aprili 1865, siku tano baada ya Jenerali Lee kusalimu amri, Lincoln alitoka na mkewe Mary kutembea kwa gari la farasi, akiwa mchangamfu kuliko siku nyingi. Usiku huo alipigwa risasi katika ukumbi wa maigizo, akafariki asubuhi yake akiwa na miaka 56.