Shashanka

Shashanka (alifariki kati ya miaka 619 na 637) alikuwa mfalme wa Gauda, ufalme wa kale katika nchi ya Bengali, ambayo leo imegawanyika kati ya Bangladesh na jimbo la West Bengal nchini Uhindi. Ndiye mfalme huru wa kwanza anayejulikana kuweka sehemu kubwa ya Bengali chini ya utawala mmoja.

Kupata madaraka

Muhuri uliochongwa katika mwamba wa ngome ya Rohtasgarh, jimboni Bihar, unamtaja kwa cheo cha mahasamanta, yaani mtawala mkubwa aliye chini ya mfalme mwingine. Wakati huo Dola la Gupta lilikuwa limesambaratika, na wakuu wa mikoa walipata nafasi ya kujitegemea. Mwanzoni mwa karne ya 7 Shashanka alikuwa tayari mfalme kamili. Mji mkuu wake ulikuwa Karnasuvarna, katika wilaya ya Murshidabad ya leo.

Alitoa sarafu za dhahabu zenye sura ya mungu Shiva pamoja na fahali wake upande mmoja, na mungu wa kike Lakshmi upande wa pili.

Vita dhidi ya Harsha

Shashanka alitaka kupanua mamlaka yake upande wa magharibi, akashirikiana na mfalme wa Malwa dhidi ya Kannauj. Mfalme wa Kannauj aliuawa, na mke wake Rajyashri akafungwa. Kaka yake Rajyashri, mfalme Rajyavardhana wa Thanesar, alikwenda kulipiza kisasi akalishinda jeshi la Malwa, lakini mwaka 606 hivi aliuawa na Shashanka.

Mdogo wake, Harsha, alirithi ufalme akaapa kulipiza kisasi. Alifanya mapatano na Bhaskaravarman, mfalme wa Kamarupa (Assam ya leo), hivyo Gauda ikawa na adui magharibi na mashariki. Hata hivyo Shashanka hakuangushwa. Bamba la shaba lililopatikana Ganjam, jimboni Odisha, linaonyesha kwamba mnamo 619 mtawala wa huko alikuwa bado anamtambua kama mkuu wake.

Sifa yake katika historia

Habari nyingi za Shashanka zimetoka kwa watu wa upande wa adui yake. Bana, mwandishi wa ikulu ya Harsha, alidai kwamba Rajyavardhana aliuawa kwa hila. Xuanzang, mmonaki Mbuddha kutoka China aliyekuwa mgeni wa Harsha, aliandika kwamba Shashanka aliwatesa Wabuddha na kuukata mti mtakatifu wa Bodh Gaya.

Lakini Xuanzang huyohuyo alipofika Karnasuvarna, muda mfupi baada ya kifo cha mfalme, alikuta monasteri zaidi ya 10 na wamonaki 2,000 hivi. Mojawapo, Raktamrittika, ilithibitishwa mwaka 1962, wanaakiolojia walipochimbua muhuri wenye jina lake huko Rajbaridanga. Kwa sababu hiyo wanahistoria kadhaa wanaona kwamba masimulizi ya mateso yalitiwa chumvi. Wengine wanakubali kwamba Shashanka, aliyemwabudu Shiva, aliwadhuru Wabuddha kwa sababu za kisiasa.

Baada ya kifo chake

Ufalme wake haukudumu. Karnasuvarna iliangukia mikononi mwa Bhaskaravarman, na Bengali ikakosa serikali imara kwa muda wa miaka 100 hivi. Kipindi hicho kiliitwa matsyanyaya, yaani sheria ya samaki, ambapo wakubwa huwala wadogo. Kilimalizika mnamo 750, Gopala alipoanzisha nasaba ya Pala.

Kalenda ya Kibengali huhesabu miaka kuanzia 593/594. Baadhi ya wanahistoria wanaihusisha na Shashanka, lakini wengine wanasema ilipangwa katika karne ya 16 chini ya Akbar, mfalme wa Dola la Mughal.